Shika Kioo, Baba

Jumanne ile dirisha la dereva lilishuka,
likagoma kupanda.
Nikabonyeza swichi: mlio
wa jino bovu likitafuna mchanga,
kisha kimya cha aibu.
Gyumri, mwezi wa pili, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
na mimi katika Opel yenye shavu wazi
nasambaza lavashi duka kwa duka,
mfuko wa nailoni ukinipigapiga sikio la kushoto
kama mtu anayenidai.

Fundi Mkhitar alitaja bei. Nikacheka.
Akaitaja tena, polepole, kama kwa asiyejua hesabu.
Basi nikaenda kwa Zhirayr, kwenye uwanja wa magari yaliyokufa,
nikanunua mota iliyoviringishwa gazetini,
inanuka grisi ya safari za wengine.
Nikairudisha nyumbani ndani ya koti, kifuani,
ipate joto.

Hakuna anayekwambia mlango wa gari ni mtupu namna hii.
Unabandua ngozi yake, klipu zinalia tak, tak,
moja inavunjika (haikosi moja kuvunjika),
unachana plastiki iliyong'ang'ania gundi nyeusi,
na ndani ni giza, nyaya, vumbi la kiangazi cha zamani,
na kokwa moja ya aprikoti.
Nani aliila? Simkumbuki mtu
aliyewahi kufurahi ndani ya gari hili.

Kioo kikiwa chini kinaziba boliti.
Shurti kivutwe juu kwa mkono, kisha kishikwe.
"Baba," nikaita, "njoo unishikie kioo."

Baba ana miaka sita hajaombwa kitu.
Tangu kiwanda cha soksi kifungwe, tangu macho yaingie ukungu,
ni kaa, baba; acha, baba; nitafanya mimi, baba.
Humo ndani anahamishwa kama kiti
ili watu wafagie.

Akaja na kofia yake ya manyoya. Akavua glavu,
akasema glavu hazina akili.
Akakibana kioo kwa viganja viwili,
kimoja ndani, kimoja nje,
kama ashikavyo mtu uso wa mtoto mwenye homa.

"Umekishika?"
"Nimekishika."

Nikalala ubavu, mkono mlangoni mpaka kwenye kiwiko.
Boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikanichana kidole.
Juu yangu pumzi zake ziliandika kiooni, zikafuta,
zikaandika tena.
Kisha akaanza kusema:
mashine namba kumi na saba, iliyokata uzi kila alfajiri
mpaka uiimbie;
mama, siku alipomshikia ngazi atundike pazia,
naye akakawia kule juu makusudi, anapiga mluzi.
Maneno ambayo mezani hajayatoa hata mara moja.
Nikaanza kuilegeza boliti nusu mzunguko,
na kuikaza robo.

Niseme ukweli. Tepu ilikuwepo, pana, ya manjano.
Vipande viwili, kutoka kioo hadi paa,
na kioo kinatulia hata wiki. Fundi yeyote anajua.
Na mimi najua.
Niliisukuma kwa goti chini ya kiti.

Nikaunganisha nyaya. "Haya, bonyeza juu."
Akabonyeza juu, kioo kikashuka.
Akabonyeza chini, kikapanda.
Zhirayr katuuzia mota ya mlango wa pili!
Baba akacheka mpaka kofia ikaanguka thelujini,
mikono kaificha makwapani, mekundu yake nisiyaone.
"Ni waya mbili tu," nikasema, "nitazigeuza."
"Ziache. Mwizi naye ahangaike."

Sasa kila asubuhi nabonyeza chini ili kipande.
Ile klipu iliyovunjika inagongagonga kila penye shimo.
Na Jumapili, kabla hata sijavua viatu,
baba anauliza,
hakuna kingine kilichoharibika?
Nami siku hizi naendesha redio ikiwa imezimwa,
natega sikio, natafuta.